Balbu Tatu za Nyamitanga

Simu iliingia Alhamisi asubuhi, Kanyange akiwa bado anachuja maziwa. Aliyepiga hakumngoja amalize salamu.

"Mama Mihigo, taa yangu tatu nakufa," alisema Katushabe kwa Kiswahili chake cha Mbarara. "Moja tu ndiyo nawaka. Jumamosi iko harusi kubwa hapa. Nyinyi nakuja leo, si kesho."

Kanyange alisema watakuja. Akafunika ndoo, akamwachia mumewe Semahoro maziwa ya kupeleka sokoni Base Camp, katikati ya kambi ya wakimbizi walikoishi, akatafuta viatu vyake. Hakuwa na haraka. Mwaka ule alikuwa na uchovu ambao usingizi haukuutoa. Posho ilikuwa imepunguzwa tena, mahindi yalikauka yakiwa bado magotini, na mwanawe mkubwa Mihigo alikuwa Kikagate, mpakani, akifanya biashara ambayo hakuwahi kuieleza vizuri ni biashara gani. Asubuhi Kanyange aliamka amechoka, jioni alilala amechoka, na katikati ya hapo alifanya kazi.

Katushabe alikuwa na ukumbi wa sherehe mtaa wa Kakoba, mjini Mbarara. Kwenye vyuma vya paa la ukumbi ule zilining'inia skana nne za zamani, taa ndefu kama mkono wa mtu mzima na nzito kama gunia la nusu. Skana yenyewe haitikisiki. Kinachocheza ni kioo kidogo kilicho mbele yake: mwanga hutoka kwenye balbu, hupita kwenye visahani vya rangi, hukigonga kile kioo, na kioo ndicho kinachourusha huku na huku juu ya vichwa vya watu. Kumbi nyingine zilikuwa zimeshaachana na taa za namna hiyo. Walinunua za kisasa, nyepesi, zisizo na balbu ya kubadilisha. Lakini Katushabe alizinunua zake siku ukumbi ulipofunguliwa, marehemu mumewe akiwa hai, na kila mwaka alisema atazitoa mwaka ujao.

Aliyezijua taa zile kwa kweli alikuwa Cassien, Mrundi wa miaka sitini na sita aliyeishi Kashojwa, kijiji kimoja cha kambi ileile, nyumba ya nne kutoka kwa Kanyange. Bujumbura alikuwa ameangalia taa za ukumbi wa dansi kando ya ziwa kwa miaka kumi na tisa, mpaka alipokimbia. Kanyange, mkimbizi kutoka milima ya Kivu ya Kusini, alikuwa hajui hata skana ni nini. Siku moja alimpelekea Cassien redio ya kanisa iliyokufa, na alipokuwa akingoja, akachukua chuma cha kulehemu na kuunganisha waya mmoja mwenyewe kwa sababu mzee alikuwa anachelewa. Cassien aliutazama ule muunganisho kwa muda, akamuuliza nani kamfundisha. Hakuna, akasema Kanyange, nimekuangalia tu. Tangu siku hiyo alimchukua. Ilikuwa miaka saba sasa.

Lakini miaka miwili ya mwisho mikono ya Cassien ilianza kutetemeka. Kwanza ilikuwa kikombe, baadaye bisibisi. Basi wakagawana bila kuambiana: yeye akawa kichwa, Kanyange akawa mikono. Kanisani kwao wapo walionong'ona kwamba mama aliyeokoka anatengeneza taa za kuchezea dansi. Mchungaji alipomwita na kumuuliza, alijibu kwamba hajawahi kuziona zikichezewa. Huwa ameshaondoka kabla watu hawajaja. Mchungaji akaona hana la kuongeza.

Alipofika kwa Cassien alimkuta amesimama mlangoni, mkewe Godeberthe akimfunga vifungo vya shati. Alipofika cha mwisho mzee akamsukuma mkono. "Hiki nitafunga mwenyewe." Akahangaika nacho, akakiacha wazi.

Godeberthe alimsindikiza Kanyange hatua chache mbele, akasema kwa sauti ya chini, "Mama Mihigo, nakuomba. Asipande ngazi."

"Hatapanda, Mama."

"Wewe unasema hivyo. Yeye humjui."

Walishuka Mbarara saa nne. Katushabe, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuagiza, alikuwa ameshawatolea ngazi na kuisimamisha katikati ya ukumbi. Mapazia mazito yalikuwa yamefungwa nusu, na wanawake wawili walikuwa wakipiga deki kuzunguka miguu ya ngazi. Kanyange alipanda, akazishusha zile skana tatu moja moja kwa kamba, akaziweka juu ya meza ndefu iliyotandikwa gazeti.

Walizifungua. Vumbi lilikuwa limejaa kwenye feni kama pamba ya godoro kuukuu, na moshi wa bandia wanaoumwaga ukumbini siku za sherehe ulikuwa umeacha utando wa mafuta kila mahali. Feni ikiziba joto halitoki; joto lisipotoka balbu haikai. Cassien alikuwa amemweleza Katushabe jambo hilo zaidi ya mara tano, na kila mara Katushabe aliitikia kwa kichwa. Kanyange alisafisha feni kwa brashi, akavipangusa visahani vya rangi, akafuta vile vioo kwa kitambaa laini chenye spirti, taratibu, kwa mstari mmoja, kwa sababu rangi ya fedha iko usoni na si mgongoni kama kioo cha kujitazamia, ukivisugua umeing'oa. Cassien alikaa kwenye kiti pembeni, akiangalia, akinena neno mojamoja.

"Angalia kikalio cha ampuli." Balbu yeye aliiita ampuli, kama walivyosema kwao, na mahali inapochomekwa kikalio.

"Hiki kimeungua, Papa. Matundu yamekuwa meusi."

"Kikwangue. Ukiweka ampuli mpya kwenye kikalio kilichoungua, umeitupa."

Balbu zote tatu zilikuwa zimekufa. Mbili nyuzi zilikatika, ya tatu kioo chake kilivimba na kuwa cheusi kama yai lililosahauliwa motoni. Volti ishirini na nne, wati mia mbili hamsini, miguu miwili myembamba kama sindano. Kwenye sanduku la Cassien hakukuwa na hata moja iliyobaki. Za mwisho waliziweka kabla ya Pasaka.

Katushabe alikuja kuangalia meza. Alimpita Cassien kama anavyopita kiti.

"Mama Mihigo, huyu mzee nakuja kufanya nini?" aliuliza, wala hakupunguza sauti. "Kazi yote nafanya wewe. Mimi nalipa watu mbili, mtu moja nakaa."

"Ni yeye anayejua, Madam. Mimi ninafuata."

"Mm." Katushabe akamshika Kanyange mkono, akamvuta mpaka karibu na jukwaa. Hatua sita tu. Mwenye masikio alisikia. "Sikiliza. Baada ya hii harusi nanunua taa mpya, zile ya kisasa. Hizi natoa. Nataka mtu ya kukaa nazo kila wiki, kazi ya kudumu. Wewe peke yako. Unafikiria?"

Kanyange alitupa jicho kule mezani. Kazi ya kudumu ni neno ambalo kambini watu hulisema kama wanavyotaja jina la mtu aliyehamia ng'ambo. "Nitafikiria, Madam," akasema.

Aliporudi mezani Cassien alikuwa ameinamia balbu iliyovimba, akiigeuzageuza. "Bon," alisema kwa Kifaransa chake, kama anayesema haya. "Twende tukatafute."

Walianzia maduka ya umeme ya barabara kuu. Duka la kwanza walicheka. La pili waliwaonyesha balbu za gari. La tatu, muuzaji mmoja jina lake Muhirwa alileta kiboksi kutoka nyuma, akakifungua kwa fahari. Umbo lilikuwa lilelile, miguu ileile.

"Hii hapa. Ni hiyohiyo."

Kanyange aliipeleka mlangoni penye mwanga, akasoma maandishi madogo ya chini. "Hii ni volti kumi na mbili."

"Itawaka tu, mama."

"Itawaka mara moja," alisema Cassien.

Walizunguka mpaka jua likawa utosini. Cassien alianza kuburuta mguu wa kushoto. Walikaa kwenye ngazi za duka lililofungwa, wakanywa maji, na Kanyange akafikiri kwamba sasa watarudi ukumbini kumwambia Katushabe imeshindikana, na huo ndio utakuwa mwisho, na kwa kweli sehemu moja ya moyo wake ilitaka iwe hivyo ili aende nyumbani.

"Shule," Cassien alisema ghafla.

"Shule gani?"

"Zamani walimu walikuwa na mashine za kumulika maandishi ukutani. Unaweka karatasi ya plastiki juu, maandishi yanatokea makubwa. Mashine zile zinakula ampuli hii hii. Bujumbura, zilipotuishia, tuliazima kwa masista." Akasimama kwa kushika ukuta. "Nyamitanga kuna shule nyingi."

Walivuka daraja la mto Rwizi, wakapanda kilima. Shule ya kwanza mlinzi hakuwaruhusu. Ya pili walipokelewa na sista wa stoo, Sista Uwizeye, Mnyarwanda wa makamo aliyevaa ndara na aproni juu ya kanzu yake. Cassien alipofungua kinywa kwa Kirundi, yeye akajibu kwa Kinyarwanda, na uso wa mzee ukabadilika kama wa mtu aliyevua kiatu kinachombana. Walielewana vizuri. Kanyange alisimama nyuma yao akiangalia mgongo wa Cassien ulivyonyooka alipokuwa akieleza habari ya nyuzi, volti na vioo, na akakumbuka kwamba mtu huyu siku moja alikuwa na wafanyakazi chini yake.

Stoo ilinuka panya na chaki. Mashine tano zilikuwa zimepangwa ukutani, zimefunikwa turubai.

"Hakuna aliyezigusa tangu mimi nije," alisema Sista Uwizeye. "Zilifutwa kwenye vitabu. Mnataka mashine?"

"Balbu tu, Sista. Kama ziko."

Ndani ya mashine balbu zote zilikuwa zimekufa. Lakini kwenye droo ya kabati, chini ya vyeti vya zamani na kamba za mpira wa wavu, walikuta viboksi vinne vya karatasi vilivyogeuka njano. Kimoja kilikuwa kitupu. Vitatu vilikuwa na balbu ambazo hazijawahi kuwashwa.

Sista alikataa malipo. "Zitamulika nini?" aliuliza.

"Harusi," alisema Cassien.

"Harusi ni sakramenti," alisema Sista Uwizeye, akacheka kidogo, akawafungia vile viboksi katika bahasha.

Saa tisa walikuwa wamerudi ukumbini. Kanyange aliitia balbu skana ya kwanza pale mezani, akaipandisha, akaikaza kwenye chuma. Halafu ya pili. Kila balbu aliishika kwa kitambaa safi, wala kidole chake hakikugusa kioo, kwa sababu hilo ndilo somo la kwanza alilofundishwa: mafuta ya ngozi yakibaki pale, joto linayapika, kioo kinadhoofika penye alama, na siku moja kinapasuka. Miguu ya balbu nayo huingia yenyewe kama tundu liko safi. Ikikataa huisukumi, unaitoa na kuanza upya.

Skana ya tatu ilikuwa tayari juu. Kikalio chake kilikuwa kimempa Kanyange shida, akahofia balbu itachomoka njiani, akaamua kuipandisha skana kwanza na kuweka balbu ikiwa imeshaning'inia. Aliposhuka kuchukua balbu, akamkuta Cassien ameshika ngazi kwa mikono miwili, bahasha iko mfukoni mwake.

"Hii ya mwisho niachie mimi."

"Papa, ile fasi iko juu sana. Acha mimi nipande."

"Nimepanda ngazi kabla hujazaliwa."

"Mama Godeberthe aliniomba."

"Godeberthe hayuko hapa." Hakukasirika. Alikuwa anaangalia upande wa jukwaa, mahali Katushabe alipomvutia Kanyange asubuhi. "Mara moja tu, Mama Mihigo. Shika ngazi."

Angeweza kukataa. Hata mezani kulikuwa na watu wa kumsaidia kumzuia. Wale wanawake wa deki walikuwa wamekaa wakila. Lakini kumzuia mzee mbele ya watu, kumnyang'anya bahasha mfukoni kama mtoto, hilo mkono wake ulikataa kulifanya. Akashika ngazi.

Alipanda polepole, akipumzika kila daraja la pili. Juu kabisa alifungua kifuniko cha skana, akatoa kiboksi, akatoa kitambaa. Mikono ilikuwa inatetemeka. Alingoja itulie, haikutulia. Akaanza hivyo hivyo. Kanyange, shingo imepinda nyuma, aliiona balbu ikielekea kwenye kikalio, ikikosa, ikielekea tena, ikikosa tena. Mara ya tatu kitambaa kilimponyoka Cassien, kikaelea chini kikaangukia bega la Kanyange. Balbu ilikuwa inateleza. Mzee akaidaka kwa vidole vitupu, kidole gumba kimekandamiza kioo chenyewe, na kwa kidole hichohicho akaisukuma ndani. Haikutaka. Akaisukuma tena kwa nguvu, ikaingia.

Akatazama chini. Kanyange naye alikuwa anatazama juu. Wakatazamana kwa kitambo, kisha Kanyange akainamisha macho, akakikunja kile kitambaa, akakitia mfukoni.

"Imeingia," alisema Cassien.

"Imeingia, Papa. Shuka polepole."

Walifunga mapazia, wakawasha. Skana zote nne zikaamka, vioo vikajizungusha kama mtu anayenyoosha shingo, na miviringo ya bluu na nyekundu ikaanza kutembea kwenye kuta na kwenye viti vya plastiki vilivyopangwa. Wale wanawake wawili wakapiga makofi. Katushabe mwenyewe alikuja, akasimama katikati ya ukumbi na mikono kiunoni, mwanga wa njano ukimpita usoni. "Eeh," alisema. "Eeh. Sasa hii ndiyo ukumbi." Kwa mara ya kwanza siku ile akamgeukia Cassien. "Mzee, asante."

Cassien aliinamisha kichwa. Akakaa kwenye kiti, akaanza kukunja waya.

Kwa kawaida waliziacha ziwake saa nzima kabla ya kuondoka, kuhakikisha. Nusu saa ilipita. Kanyange alikusanya magazeti na brashi, hakutazama juu hata mara moja. Alikuwa anahesabu pumzi zake mwenyewe. Labda itakaa, alisema moyoni. Balbu ni ya zamani, za zamani ni ngumu. Labda itakaa mpaka Jumapili.

Ikapasuka. Kishindo kilikuwa kama cha kopo lililokanyagwa, halafu chengachenga zikasikika zikishuka ndani ya chuma. Mviringo mmoja ukatoweka ukutani. Mitatu iliyobaki iliendelea kuzunguka.

Katushabe alitoka ofisini mbio. "Nini? Nini hiyo?"

Kanyange alipanda ngazi na kufungua kifuniko. Balbu ilikuwa imekuwa unga, kipande kimoja kikubwa kikiwa kimechoma kisahani cha rangi na kukipasua, na kile kioo cha mbele kilichofutwa kwa uangalifu wote ule kilikuwa na mkwaruzo kutoka pembe hadi pembe. Skana ile ilikuwa imekwisha. Hata kama balbu nyingine ingepatikana, isingefaa kitu.

Alishuka. Katushabe alikuwa anamngoja chini.

"Nani aliweka hii?"

Kanyange alimwona Cassien kwa pembe ya jicho, waya umekwama mikononi mwake, kichwa chini. Wale wanawake wa deki, walioona ni nani aliyepanda, walikuwa wameshaenda kuteka maji. Hakuna mwingine aliyekuwa ameona.

"Ni mimi, Madam. Niliishika vibaya. Kidole kiligusa."

"Wewe?"

"Mimi."

Katushabe alipandisha macho kwenye ile skana, akayarudisha kwake. Hakupaza sauti, ingekuwa afadhali apaze. "Mimi nilifikiri wewe ndiyo mtu ya kuaminika," alisema. "Basi. Harusi itafanya na tatu. Na ile maneno nilikuambia asubuhi, acha. Nitatafuta mtu kutoka Kampala." Akawalipa walichopatana, bila kupunguza, akarudi ofisini.

Njiani Cassien hakusema neno. Walishuka Base Camp jua likielekea kuzama, wakatembea kuelekea Kashojwa, yeye mbele, Kanyange nyuma, kwa sababu ya ule mguu. Kwenye njia panda aligeuka.

"Kesho unauza maziwa?"

"Ninauza, Papa."

"Bon."

Akaenda. Kanyange alibaki pale akiangalia shati lake likipotea kati ya nyumba. Alikuwa ametarajia neno moja tu, lolote. Nyumbani Semahoro alimuuliza kazi ilikwendaje, akasema balbu moja imepasuka. Imepasukaje? Imepasuka tu, alijibu, na mumewe, aliyemjua, akaliacha.

Hasira haikuja siku ile. Ilikuja Ijumaa, katikati ya kupima maziwa, na ikakaa. Alikuwa amesema uongo kwa hiari yake, hakulazimishwa na mtu. Na bado alimkasirikia mzee kwa kuunyamazia, kwa kukunja waya wake huku kazi ya kudumu ikitoka nje ya mlango. Kisha alijikasirikia mwenyewe zaidi, kwa jambo ambalo Cassien hakulijua, au hivyo alidhani. Jumapili kanisani walipofika kwenye kuungama, alifumba macho na kubaki nalo. Nyumba ya nne hakuikanyaga, wala hakuna aliyetoka huko kuja kwake.

Jumanne simu iliita.

"Mama Mihigo." Katushabe safari hii alingoja asalimiwe. "Yule mzee wako alikuja hapa jana. Peke yake."

"Cassien?"

"Nilimpa chai, alimwaga nusu. Anasema ni yeye aliharibu taa, si wewe. Anasema wewe ulijitwika kwa sababu ya heshima. Mimi sipendi mtu ya uongo. Lakini uongo ya namna hiyo hata mimi nilifanya, kwa baba yangu. Taa mpya nakuja Ijumaa. Wewe utakuja ama hutakuja?"

"Nitakuja, Madam."

Alipokata simu hakufurahi. Alikaa kitako juu ya ndoo iliyopinduliwa, akakaa hapo mpaka kivuli kikamhama, kisha akaondoka kwenda nyumba ya nne.

Godeberthe alikuwa nje, uso umevimba kwa hasira ya siku mbili. "Aliniambia anaenda kliniki," alisema kabla hata ya salamu. "Kliniki! Amerudi miguu imevimba hivi. Mpaka leo kiatu hakiingii. Na hataki kuniambia alikwenda kufanya nini."

"Yuko wapi?"

"Ndani. Anabangua maharage, kama anaweza."

Cassien alikuwa amekaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, miguu imenyooshwa mbele, sinia la maganda mapajani. Maharage mengi yalikuwa yameruka yakatapakaa sakafuni kumzunguka. Kanyange alikaa upande wa pili wa sinia, akachukua ganda, akalipasua.

"Papa, kwa nini ulienda? Nilikuwa nimeisha kusema ni mimi. Mambo ilikuwa imekwisha."

"Kwako ilikwisha."

"Ungeniambia mimi tu. Pale njiani ungesema neno moja, ingetosha."

"Ningesema nini? Asante?" Alilipasua ganda, maharage mawili yakaanguka sinia, la tatu likaruka. "Nilikaa kwenye kile kiti nikasikia mtoto wa watu anabeba mzigo wangu, na ulimi wangu ukakataa. Kufika hapa ukakataa tena. Siku tatu ulikataa. Jumatatu nikaona nikingoja zaidi nitauzoea."

Kanyange alibangua maganda manne, matano. Nje Godeberthe alikuwa akipigapiga sufuria bila sababu.

"Na mimi kuko neno," alisema. "Niliona kidole. Kilipogusa kioo nilikuona, Papa. Kitambaa kiliniangukia hapa begani, spirti ilikuwa pale mezani. Ningesema tu: itoe tufute. Nikanyamaza. Niliogopa kukuaibisha. Halafu nikakaa chini nusu saa nikingoja ipasuke."

Cassien aliacha kubangua. Mikono yake ilitetemeka juu ya sinia, maganda yakafanya sauti ndogo.

"Najua," alisema. "Nilitazama chini nikaona umeona. Nikasema moyoni, akisema neno nitaitoa. Hukusema, nikashukuru. Tulikuwa wawili, Mama Mihigo. Katushabe sikumwambia hilo. Halimhusu."

"Tulikuwa wawili."

"Sasa niokotee yale ya sakafuni, Godeberthe asije akaongeza jambo jingine."

Kanyange alipiga magoti, akayaokota moja moja.

Ijumaa alikwenda Mbarara peke yake. Asubuhi yote aliimaliza kuzishusha zile skana, nzima tatu na mbovu moja, na kuzipanga chini karibu na mlango wa nyuma. Katushabe alimuuliza kama anazitaka. Alifikiria nyumba yake ya vyumba viwili, akasema hapana. Saa nane alikuja mnunuzi wa vyuma chakavu na toroli, akazipima kwa kilo, akazilaza moja juu ya nyingine na kuondoka nazo. Kanyange akatia saini jina lake kwenye karatasi ya Katushabe, siku mbili kila wiki, akaanza kufunga zile mpya. Zilikuwa nyepesi, moja aliinyanyua kwa mkono mmoja.

Alipofika Kashojwa alipita kwa Cassien kumwambia kazi imeanza. Godeberthe alimjibu mlangoni kwamba amelala, uvimbe wa miguu unapungua, atamweleza akiamka. Wakasimama kidogo wakizungumzia mvua iliyokataa kunyesha. Halafu Kanyange akaenda nyumbani, akavua viatu, akalala kabla giza halijaingia.